Zuhura, anza na forodha

Tanga, Ijumaa usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum, na salamu za wote wa hapa. Kwenu nilipita Jumapili. Mguu wa mama umepungua uvimbe, ulimi haujapungua chochote. Kanituma nikwambie fedha zimefika, ila simu zako siku hizi fupi mno, utadhani unadaiwa. Nimefikisha.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Kwanza kwa sababu ni barua ya karatasi, kitu ambacho mtoto wa dada yangu alikishika akauliza kama kimetoka benki. Halafu kwa sababu ya swali lako. Unasema zamu za usiku kwa yule bibi unayemtunza ni ndefu, akishalala unabaki wewe na mlio wa mashine ya hewa, na rafu ya marehemu mumewe imejaa vitabu vya waandishi wa kwao. Kakuruhusu uchukue utakacho, nawe unataka nikuchagulie pa kuanzia. Hapo sawa. Lakini ukaongeza nisikucheke ukisuasua, maana wewe si mtu wa vitabu, wewe ni mtu wa kazi.

Nani alikwambia hao ni watu wawili mbalimbali?

Hebu tuanze na hapo ulipo. Wewe uko Lynn, huko Massachusetts, Marekani, na Salem ni jirani zako, mnapakana. Siku ya mapumziko nenda mpaka ufukweni kwao, utafute jengo la matofali lenye tai mkubwa mbele, juu. Ilikuwa nyumba ya forodha. Humo, kuanzia 1846 hadi 1849, mwandishi Nathaniel Hawthorne alikuwa mkaguzi wa bandari, ofisa kamili mwenye meza, mshahara na wazee wa kuwasimamia. Zamani alikuwa akitamani kuona jina lake kwenye majalada ya vitabu. Sasa, anasema mwenyewe, jina lilikuwa likipigwa kwa rangi nyeusi kwenye magunia ya pilipili manga, masanduku ya sigara na marobota ya kila namna, kuthibitisha kwamba ushuru umelipwa. Likasafiri hadi mahali ambapo vitabu vyake havijafika. Mimi ninayeshinda kutwa nikifuatilia mizigo ya watu, nikiomba mfumo usigome kabla ya saa tisa, mstari huo niliusoma nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka.

Na wale wazee wake! Anawachora wamelala kwenye viti vilivyoegemezwa ukutani, wakiamka wanasimuliana visa vilevile vya baharini ambavyo kila mmoja anavijua kwa moyo. Kuna mmoja ambaye katika umri wake wote hakumbuki vita, wala rais, wala maiti aliowazika. Anakumbuka alichokula. Ladha ya karamu za miaka sitini au sabini iliyopita bado iko ulimini mwake, na waliokula naye wote wako makaburini. Kila ofisi ya bandari ina mzee wa namna hiyo. Wa kwetu, ukimsikiliza anavyosimulia pilau ya harusi fulani ya Pangani, unatoka ukiwa umeshiba.

Basi serikali ikabadilika, chama cha Hawthorne kikashindwa, naye akaachishwa kazi. Kiangazi hichohicho mama yake akafariki. Akajifungia nyumbani akaandika The Scarlet Letter, kikatoka Machi 1850, na utangulizi wake mrefu ni hiyo forodha pamoja na wazee wake. Watu wa Salem walikasirika, na walikuwa na haki. Mimi, kusema kweli, utangulizi naupenda kuliko hadithi yenyewe. Hadithi ni nzito, kila mti wa msituni una maana yake, unatamani mmoja tu awe mti. Ila Hester, mwanamke wa hadithi hiyo, ana heshima yangu yote. Wanamlazimisha avae herufi ya aibu kifuani, naye anaidarizi kwa uzi wa dhahabu mpaka inapendeza kuliko nguo za wanaomhukumu. Mwanamke wa pwani angefanya vivyo hivyo.

Jambo jingine ambalo hutaliona kwenye kitabu usipolijua kutoka huku kwetu. Meli zilizokuwa zikifika Salem, anaandika, mara nyingi zilitoka Afrika au Amerika Kusini. Afrika ipi? Kwa sehemu kubwa ni sisi. Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza Unguja, aliyefika 1837, alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem hiyohiyo. Wakileta nguo, ile merikani waliyovaa mabibi zetu na kuitia rangi ikawa kaniki. Wakichukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu, na sandarusi iliyochimbwa huku Mrima. Sandarusi ikaoshwa Salem ikauzwa kutengeneza vanishi. Huenda hata vile viti walivyolalia wale wazee vilipakwa utomvu wa kwetu. Hilo ni la kwangu, usilipeleke mbele ya mwalimu.

Sasa yule rafiki wa Hawthorne, Herman Melville. Januari 1841 alipanda meli ya kuwinda nyangumi kutoka Fairhaven, kusini ya hapo ulipo, kijana asiye na kitu. Aliporudi akaanza kuandika. Mwaka 1847 gazeti moja lilimpa ahakiki kitabu cha J. Ross Browne, Mmarekani mwingine aliyekuwa baharia wa nyangumi akashukia Unguja na kukaa huko kwa muda. Kitabu hicho sehemu yake ni mafuta na mateso ya mabaharia, na nyingine ni Unguja. Melville alikisoma, na mistari yake akaja kuiweka mwanzoni mwa riwaya yake Moby-Dick pamoja na madondoo mengine mengi ya nyangumi. Kwa hiyo ukifungua kitabu kile kikubwa ambacho watu wa fasihi huko kwenu wanakitaja kwa sauti ya msikitini, ujue huyo aliyekiandika alishapitisha macho yake Forodhani kwetu, japo kwa karatasi.

Kilipotoka mwaka 1851 hakikuuzika. Wasomaji walitaka visa vya visiwa na wasichana, wakapewa nyangumi mweupe na nahodha kichaa. Akaandika vingine, navyo vikaanguka. Mwaka 1866 akaenda kuomba kazi. Kazi gani? Mkaguzi wa forodha, bandari ya New York, dola 4 kwa siku. Akaifanya miaka 19. Asubuhi gatini, kutwa anahesabu mizigo ya watu, usiku anaandika mashairi ambayo karibu hakuna aliyeyasoma. Alifariki 1891, na hadithi aliyoiacha kwenye makaratasi yake, Billy Budd, ikachapishwa 1924. Ukiniambia huyo hakuwa mtu wa kazi, tutagombana.

Moby-Dick kisikutishe kwa unene. Nikupe siri: anza na sura ya hoteli ya Nantucket, ile wanayouliza swali moja tu, kome au samaki, asubuhi, mchana na jioni, mpaka maziwa ya pale yana ladha ya samaki kwa kuwa ng'ombe wa mwenye hoteli anakula mabaki ya samaki ufukweni. Hiyo nilimsimulia shangazi jikoni, yeye anakaanga vibua, mimi nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi na kitabu nimekiegemeza kwenye sufuria. Ule mchuzi wao umetiwa siagi, na biskuti ngumu za baharini zilizopondwa ndani. Nilipofika kwenye nyama ya nguruwe nikairuka, Mungu anisamehe. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho bila kugeuka, halafu akaniambia, "Huyo kala kwa wavuvi. Hajaambiwa." Kisha akataka kujua kama yule mke wa mwenye hoteli alilipwa, maana jinsi wageni wale walivyokuwa wanakula, yeye angewadai mapema. Uhakiki bora wa kitabu hicho sijausikia popote.

Sura za nyangumi, za mifupa na mafuta na ngozi, usiziruke zote. Ruka zile tu zitakazokulaza. Na kama kwenye rafu hiyo kuna toleo lenye michoro ya Rockwell Kent, ya weusi na weupe, lilitoka 1930, nipigie picha kurasa kadhaa kwa simu. Nimeona mbili tatu tu na zimenitia wazimu.

Melville kitabu chake alimtunukia Hawthorne. Hawthorne akakisoma, akamwandikia. Barua hiyo imepotea, hakuna anayejua ilisema nini, lakini jibu la Melville lipo, na ni jibu la mtu aliyeeleweka kwa mara ya kwanza maishani. Anasema angependa awe na kiwanda cha karatasi upande mmoja wa nyumba, karatasi iwe inatiririka isiyokatika mpaka mezani kwake, naye aandike juu yake mawazo elfu, milioni, yote yakiwa katika umbo la barua kwa Hawthorne. Nikiwa na barua yako mkononi, nilimwelewa. Ukurasa wa nne umeishia katikati ya sentensi, ukaandika pembeni kwa kupanda, kisha juu ya bahasha.

Na kwetu? Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, hapahapa Tanga, alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Tulimsoma shuleni mimi na wewe, tukikariri na kulalamika, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba yule mshairi alikuwa na saa za kuripoti kazini. Barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hadi 1958, zimekuja kuchapishwa kitabu kizima. Nina tabia sasa, nikipita upande wa bandari ya zamani, ya kuwapanga watatu hao kwenye benchi moja: Salem, New York, na Pangani alikofanya kazi Shaaban. Wanasubiri meli ifunge gati.

Hata hivyo, kwa usiku wako wa kwanza sikupi yeyote kati yao. Tafuta kitabu chembamba, huenda kimebanwa kati ya vinene: Maisha ya Frederick Douglass, yaliyotoka 1845, ameyaandika mwenyewe. Kinasomeka kwa zamu moja. Alizaliwa mtumwa Maryland. Akiwa mtoto alipelekwa Baltimore kwa familia ya akina Auld, na yule bibi, Sophia, ambaye hakuwahi kuwa na mtumwa kabla, akaanza kumfundisha alfabeti bila kufikiri. Mumewe akamkataza mbele ya mtoto: ukimfundisha huyu kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto akasikia. Anasema somo kubwa alilopata nyumba ile lilikuwa hilo katazo, maana sasa alijua wanaogopa nini.

Tazama alivyofanya. Alipotumwa dukani alibeba kitabu na mkate, akawapa mkate watoto wa Kizungu wa mtaani waliokuwa na njaa, nao wakamlipa kwa herufi. Kuandika akajifunzia kwenye karakana ya meli. Maseremala wakishachonga ubao wanautia alama ya mahali utakapokaa: herufi ya upande wa kushoto, ya upande wa kulia, ya omo, ya tezi. Akazikariri herufi nne hizo. Halafu akawa anamwendea mtoto yeyote anayejua kuandika na kumwambia, mimi naandika kama wewe. Mtoto anambishia, hebu tuone! Anaandika zake nne, na yule kwa kiburi anamwandikia nyingine. Daftari lake lilikuwa ua wa mbao, ukuta wa matofali na barabara, kalamu yake bonge la chaki. Jumatatu mchana bibi akienda mkutanoni kanisani, yeye anachukua madaftari ya zamani ya mtoto wa nyumba ile na kuandika katika nafasi zilizoachwa wazi, akiiga mwandiko wake. Nafasi zilizoachwa wazi, Zuhura! Sisi tuliopewa daftari za mistari bure, tukachora maua.

Alipofika kama miaka kumi na miwili akanunua kitabu cha hotuba kwa senti 50. Na hapa ndipo ninapompenda zaidi, kwa sababu hadanganyi. Hasemi kusoma kulimfurahisha tu. Kulimtesa. Alisoma habari za uhuru akaona hali yake yote wazi, wala hakuona mlango wa kutokea, mpaka kuna siku aliwaonea wivu watumwa wenzake wasiojua kusoma. Watu wanaotuhubiria raha ya vitabu hawatuambii hilo. Mimi nimelala macho kwa ajili ya kitabu mara nyingi, na si mara zote kwa utamu.

Alitoroka 1838, akafika New Bedford, mji wa mafuta ya nyangumi. Mwenyeji wake wa kule alikuwa katika kusoma shairi la Walter Scott wa Uskochi, akamchagulia humo jina jipya la Douglass. Mtu yule alitoka utumwani akapokewa na jina la kitabuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupakia mafuta kwenye jahazi. Alikuwa fundi kalafati, lakini mafundi Wazungu walikataa kufanya kazi pamoja naye, basi akapasua kuni, akabeba makaa, akavingirisha mapipa. Miaka miwili na ushei baadaye, ng'ambo ya mto wa mji huo, upande wa Fairhaven, Melville akapanda meli yake. Ukivisoma vitabu vyao viwili mfululizo, mafuta unayanusa kutoka pande zote mbili.

Wengine nikutajie upesi. Walt Whitman alijichapishia mashairi yake 1855, herufi nyingine akizipanga kwa mkono wake pale kiwandani. Anapiga kelele sana, mpe kurasa mbili tatu kwa usiku. Hemingway utamkuta tu, na watu watakuletea ile hadithi yake ya 1936 yenye Kilimanjaro kwa kuwa unatoka Tanzania. Imeandikwa vizuri, sikatai. Lakini Mwafrika tunayemjua kwa jina, Molo, kazi yake ni kuleta wiski na kuitikia "bwana", na mimi nilikaa hadithi nzima nikitaka kujua Molo anafikiri nini. Toni Morrison usimguse usiku ukiwa peke yako na mtu mgonjwa, hasa Beloved. Msubiri mchana. Huyo naye kitabu chake cha kwanza alikiandika akiwa na ajira na watoto wawili wa kulea, akiamka kabla ya mapambazuko.

Emily Dickinson ndiye wa saa tisa za usiku. Amherst, magharibi ya jimbo lako, alikofariki 1886. Aliacha karibu mashairi 1,800, na yaliyochapishwa akiwa hai ni kama kumi tu. Mengi aliyanakili kwa mkono akayashona kwa uzi kuwa vijitabu, akavifungia chumbani, mdogo wake Lavinia akavikuta baada ya maziko. Mengine yako nyuma ya bahasha zilizopasuliwa. Na kuna shairi moja aliloliandika nyuma ya karatasi ya mapishi yake ya keki ya nazi. Nakwambia hilo kwa sababu najua una tabia ya kuandika vitu nyuma ya maboksi ya glavu, umenitumia kimoja mwenyewe ukadhani unanitumia orodha ya dawa za mama. Upande wa pili ulikuwa umeandika jinsi yule bibi anavyowaita watoto wake waliokufa kwa majina ya utotoni, kila usiku saa zilezile, na wewe unavyoitikia kwa niaba yao ili alale. Mistari sita. Nimeihifadhi ndani ya Hawthorne wangu.

Kwa hiyo usiniambie tena habari ya mtu wa kazi. Halafu una deni langu. Kwenye barua ya Ramadhani ulinianzia habari ya dereva wa basi la alfajiri, Mhaiti, ambaye haondoi basi mpaka amhakikishe yule mama wa usafi amekaa kitini, hata abiria wapige kelele vipi. Ukaikata pale anaposhuka theluji inaanguka, anamfuata mtu kituoni, ukaandika "nitakwambia". Hukuniambia. Shangazi anauliza, mimi nauliza. Alimfuata nani, na mama yule alikuwa basini siku hiyo au hakuwapo? Iandike yote, nyuma ya boksi, pembeni ya bahasha, popote, uitume kabla ya mwezi kuisha. Binamu yako anakuja Desemba, usimngojee.

Akina shangazi wanakusalimu. Mpe mkono bibi yako wa huko, mwambie asante ya vitabu.

Ni mimi shoga yako,
Rukia